Kipimajoto kikae pale chungu kilipo

Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 21 asubuhi ile. Nilikisogelea nikakisoma tena, maana nilichokiona dirishani hakikulingana na namba hiyo. Aglaonema yangu, mmea wa ndani ya nyumba niliyoulea miaka minne kutoka kipande cha shina chenye majani mawili, ilikuwa imelegea yote. Majani matatu ya upande wa kioo yalikuwa na mabaka meusi yenye majimaji, laini ukiyabonyeza, kama yaliyochovywa kwenye maji ya moto. Udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Chumba kilikuwa na joto. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hukifanya tukiona mmea umelegea: nikaumwagilia maji.

Siku mbili baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikata jani moja, nikalifunga kwenye karatasi, nikampelekea mzee mmoja anayelea miche na kuiuza. Nilimwamkia, nikamweleza yote: mwanga, maji, mbolea, nyuzi 21. Aliligeuza jani, akaliangalia upande wa chini, kisha akaniuliza swali moja tu: "Udongo wake umeugusa, mwanangu? Sisemi maji. Nasema baridi yake."

Sikuwa nimeugusa. Nilipofika nyumbani nilizamisha kidole kwenye chungu nikakitoa upesi. Usiku huo niliweka kipimajoto cha pili nyuma ya pazia, kimeegemea chungu chenyewe. Kabla ya mapambazuko kilisoma nyuzi 11. Kile cha ukutani, hatua nne tu kutoka hapo, kilisoma 20. Kilichotenganisha namba hizo mbili ni kitambaa cha pazia, basi.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza mimea ya kitropiki inataka chumba cha nyuzi ngapi, huanza kwa kumwomba akiache chumba kwanza. Mmea una eneo lake dogo: sentimita chache za hewa inayozunguka majani, na udongo uliomo chunguni. Hapo ndipo pa kupima, na saa yenyewe hasa ni usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati mwenye mmea amelala fofofo.

Namba za kuanzia

Mingi ya mimea hii asili yake ni chini ya miti mikubwa ya misitu ya joto, ambako mchana na usiku havitofautiani sana, na jua hufika likiwa limechujwa na majani. Kwa hiyo hupenda nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi mchana, na usiku isishuke chini ya 15 au 16. Humo ndimo inamokua. Kati ya 13 na 15 mingi husimama tu, haikui wala haifi. Chini ya 10, saa chache zinatosha kuiumiza. Na ikipita 30 au 32 huanza kutaabika, hasa hewa ikiwa kavu.

Lakini jamii hazifanani. Aglaonema, difenbachia, kalathea na fitonia ni dhaifu kuliko zote mbele ya baridi. Zangu huzihamisha mara usiku unapogusa 16, sisubiri 13. Monstera, pothosi na filodendroni huvumilia kidogo zaidi. Sansevieria, na ule mmea wa majani mazito yanayong'aa ambao wengi huuita ZZ, huweza kukaa kwenye nyuzi 10 bila kudhurika, ilmradi udongo ni mkavu. Udongo ukiwa na maji kwenye baridi hiyo, huoza kuanzia chini na hutajua hadi uushike shina lianguke mkononi. Kama una ukumbi wa baridi unaotamani kuuona na kijani, usiipeleke kalathea huko ikateseke. Tafuta aspidistra, ambayo hustahimili hata nyuzi 5.

Saintpaulia nayo huonewa kwa sababu ya asili yake. Ni ua la Afrika Mashariki: Baron Walter von Saint Paul alilipata Usambara mwaka 1892, na jina Saintpaulia likatokana naye. Watu husikia Afrika wakadhani linataka joto kali, wakaliweka juani. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu ndani ya msitu, na nyumbani hustawi zaidi kati ya nyuzi 18 na 24.

Okidi aina ya Phalaenopsis hutumia joto kama saa ya kuhesabia majira. Ikikaa kwenye nyuzi 28 au zaidi mfululizo, hutoa majani na mizizi tu. Ikipata wiki kadhaa mahali ambapo mchana hapazidi 25 na usiku hushuka hadi 17 au 18, ndipo hutoa kikonyo cha maua. Rafiki yangu aliilea yake miaka mitatu juu ya kabati refu, karibu na dari, bila kuona hata ua moja. Mwanga ulikuwa mzuri, mbolea alikuwa akiitia. Tukapanda na kipimajoto: nyuzi 29 mchana, 26 usiku, maana joto la nyumba nzima hupanda kwenda kukaa huko juu. Tuliishusha kwenye meza ya chumba cha kulala. Wiki ya saba akanipigia simu akiwa ameinama mbele yake: kulikuwa na ncha ya kijani, ndogo kama punje, inachomoza kati ya majani mawili ya chini.

Baridi inaua namna gani bila kugandisha

Nilihitaji kulielewa hili ndipo nikaacha kurudia makosa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila seli ya mmea imezungukwa na utando uliojengwa kwa aina za mafuta. Unajua mafuta ya nazi yanavyokuwa maji siku ya joto, kisha asubuhi ya baridi unakuta yameganda chupani. Utando wa seli za mimea ya joto hupatwa na jambo linalofanana na hilo. Baridi ikishuka chini ya kiwango chake hukakamaa, hauzuii tena kilichomo ndani, na majimaji ya seli huvuja nje. Yale mabaka yenye majimaji niliyoyaona ni hayo. Hakuna barafu iliyohusika, na ndiyo maana kipimajoto kinachosoma 9 au 11 hakikupi amani yoyote, hata kama maji ya nje hayajaganda.

Mambo mawili huzidisha udanganyifu. La kwanza, madhara huchelewa kuonekana. Jani lililopigwa na baridi usiku wa Jumatatu laweza kuonekana zima Jumanne, likaanza kuwa jeusi Jumatano. Wewe unatafuta kosa la Jumatano na halipo. La pili, jua kali la asubuhi likilipiga jani ambalo bado lina baridi, jani hupokea mwanga ambao haliwezi kuutumia, na mwanga huo hugeuka kuwa mzigo unaoliunguza. Dirisha linalopokea jua la asubuhi baada ya usiku wa baridi kali ni mahali pagumu kuliko panavyoonekana.

Halafu kuna mizizi. Udongo ukiwa baridi, mizizi hushindwa kuvuta maji hata kama maji yamejaa. Majani yaliyo kwenye hewa ya joto yanaendelea kupoteza maji, hayapati mengine, yanalegea. Mwenye mmea anaona kiu, anamwagilia. Udongo unazidi kuloa na kuzidi kuwa baridi, hewa inaondoka kati ya chembe zake, mizizi inaanza kuoza. Sasa haiwezi kuvuta maji hata joto likirudi. Naamini mimea mingi inayosemekana kufa kwa baridi hufa kwa njia hii, yaani baridi iliuangusha na maji yetu yakaumaliza. Kwa hiyo kabla ya kushika jagi, shika udongo. Ukiwa na unyevu na ni baridi, tiba ni joto.

Kupima

Kipimajoto kinachofaa ni kile cha kidijitali kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini. Hicho cha chini ndicho unachokihitaji zaidi, kwa sababu ndicho kinachokuambia yaliyotokea saa kumi usiku. Kiweke kando ya chungu, kwenye kimo cha majani ya chini, na usikiache kipigwe na jua moja kwa moja: kikipigwa na jua husoma joto lake chenyewe, si la hewa. Kiache saa 24. Andika namba mbili, futa kumbukumbu yake, kihamishie mahali pengine.

Mimi nilikizungusha sebuleni wiki nzima, wakati wa baridi, nikiandika kwenye karatasi niliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Rafu ya juu, karibu na dari: chini kabisa 22. Meza katikati ya chumba: 19. Sakafuni kwenye vigae, kwenye kona ya mlango wa nje: 14. Nyuma ya pazia: 11. Juu ya hita, pale nilipokuwa nimeiweka fitonia nikidhani ninaipendelea, kiwango cha juu kilikuwa 36. Chumba ni kimoja na wiki ni ile ile. Ningeamini cha ukutani, ningesema nyumba yangu ni nyuzi 20 na nimemaliza.

Udongo pia hupimwa. Kipimajoto chenye sindano, cha aina ile inayotumika jikoni, kichomeke sentimita tano ndani, mapema asubuhi. Mizizi ya mimea hii hufanya kazi vizuri udongo ukiwa na nyuzi 18 au zaidi. Kama huna cha sindano, weka bilauri ya maji kando ya chungu tangu jioni. Maji hupoa na kupata joto polepole kama udongo wenye unyevu, hivyo asubuhi ukiyapima, au ukichovya kidole tu, utapata picha ya kilichoipata mizizi usiku. Njia hii ya bilauri ndiyo ninayomwambia kila anayeanza, kwa sababu inaweza kufanyika leo usiku.

Dirishani usiku

Kioo cha dirisha hupoa haraka kuliko ukuta. Ukifunga pazia kati yako na dirisha, joto la chumba linabaki upande wako, na mmea ulioachwa ng'ambo ya pazia unalala na kioo. Ikiwa kuna jambo moja la kubadilisha leo, ni hili: pazia lipite kati ya mmea na kioo. Kama ukingo wa dirisha ni mwembamba na pazia haliwezi kupita nyuma ya chungu, uondoe mmea jioni, uurudishe asubuhi chumba kikishapata joto. Mimea mitatu hubebeka kirahisi. Ikiwa ni ishirini, tafuta meza nyembamba uisimamishe nusu mita kutoka kwenye kioo, na uiache hapo msimu mzima. Inapoteza mwanga kidogo, lakini inalala salama.

Jani lisiguse kioo. Mahali linapogusa, joto lake huwa ni la kioo, na utaona alama nyeusi yenye umbo kamili la sehemu iliyogusa.

Chini ya chungu napo huvuja joto. Kigae na jiwe hunyonya joto la chungu usiku kucha. Kigoda cha mbao kinatosha, au kipande cha kizibo, au magazeti yaliyokunjwa mara kadhaa chini ya sahani ya chungu. Kuinua chungu sentimita 30 kutoka kwenye sakafu ya baridi kulinipa nyuzi mbili zaidi kwenye udongo, na sikutumia umeme wowote.

Chungu cha udongo wa kuchoma hufanya kazi ile ile ya mtungi: maji hupenya ukutani, yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Mtungi tunaupenda kwa sababu hiyo. Wakati wa baridi, mmea uliomo ndani ya chungu cha namna hiyo una udongo wenye baridi kuliko jirani yake wa kwenye plastiki, ingawa wamekaa rafu moja. Hivyo kalathea na aglaonema zangu ziko kwenye plastiki, nami huzifichia ndani ya chungu kingine kizuri zaidi. Ile nafasi ndogo ya hewa kati ya vyungu viwili husaidia kuhifadhi joto. Sansevieria hubaki kwenye udongo wa kuchoma mwaka mzima, maana hufaidika na ukavu wake.

Hita na kiyoyozi

Hatari ya hita si joto lake peke yake. Hewa ya moto hutaka maji mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 10, ikishiba, hubeba kama gramu 9 za mvuke. Yenye nyuzi 20 hubeba kama gramu 17. Kwa hiyo ukichukua hewa ya baridi ya nje ukaipasha hadi 20 bila kuongeza maji, inabaki na karibu nusu tu ya mvuke inaoweza kubeba, na hewa hiyo itayatafuta maji popote yalipo, yakiwemo majanini. Ncha za kalathea hukauka na kuwa kahawia. Utitiri nao hupenda sana hewa ya joto na kavu. Ukiona vitone vidogo vya njano juu ya jani na utando mwembamba upande wa chini, huenda umeuweka mmea karibu mno na hita.

Kuhusu kunyunyizia majani maji, nitasema ninavyoamini: hakusaidii kitu cha maana. Matone hukauka ndani ya dakika chache na hewa inabaki kama ilivyokuwa, na katika chumba cha baridi majani yaliyoloa hukaribisha ukungu. Kukusanya mimea pamoja, jani karibu na jani, husaidia zaidi, kwa kuwa kila mmoja hutoa mvuke unaomfaa jirani. Mashine ya kuongeza unyevu husaidia kuliko yote.

Kiyoyozi shida yake ni pumzi inayotoka mdomoni mwake, ambayo huwa na baridi kuliko chumba kwa nyuzi nyingi, tena kavu, tena inapuliza mahali pale pale. Chumba kikiwa 23, jani lililo kwenye njia ya pumzi hiyo halijui 23. Kupima ni rahisi. Kata ukanda wa karatasi laini, urefu wa kiganja, uufunge kwenye kijiti, ukichomeke chunguni ukanda ufike kwenye kimo cha majani. Washa kiyoyozi usubiri. Ukanda ukipepea bila kukoma, hamisha mmea. Ukitikisika kidogo na kutulia, uache. Kipimo hicho hicho kinafaa kwa feni, kwa hita inayopuliza, na kwa upepo unaopenya chini ya mlango.

Fikasi ya majani madogo, Ficus benjamina, ni nyepesi kuliko mingine kuonyesha kwamba imesumbuliwa. Ukiihamisha ghafla kutoka mahali pa joto hadi penye upepo wa baridi, humwaga majani mabichi kwa makumi, na mwenyewe huogopa akaihamisha tena. Ipatie mahali pamoja penye utulivu, kisha uwe na subira ya wiki kadhaa.

Joto likizidi

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa joto huonekana mapema kuliko baridi na watu wengi hulitambua. Jani likipigwa na jua nyuma ya kioo huweza kuwa na joto kuliko hewa inayolizunguka kwa nyuzi kumi au zaidi. Liguse saa sita mchana. Jani lenye afya, linalotoa mvuke, huwa na ubaridi kidogo kwenye vidole. Likiwa na joto kama kikombe cha chai, sogeza mmea nyuma au weka pazia jepesi kati yake na kioo. Chungu cheusi kinachopigwa na jua hupika mizizi ya upande huo, kwa hiyo kifunike au kigeuze. Mmea ukilegea mchana ukainuka wenyewe jioni, udongo ukiwa na unyevu, ulikuwa unajilinda, usiuongezee maji. Bustani ndogo za ndani ya chupa iliyofungwa zisipate jua la moja kwa moja hata kwa nusu saa.

Joto la usiku ndilo linalosahaulika. Mchana mmea hutengeneza chakula kwa mwanga. Usiku na mchana hukitumia kwa kupumua, na kupumua huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi kumi. Chumba chenye mwanga hafifu na joto la nyuzi 27 saa zote 24 huufanya mmea utumie karibu kila unachotengeneza. Utauona umerefuka, vifundo vya shina vimeachana mno, majani mapya ni madogo kuliko ya zamani. Watu huutilia mbolea. Kinachoufaa ni mwanga zaidi, au kama mwanga haupatikani, nyuzi chache pungufu. Katika chumba chenye giza kidogo, naona bora 19 kuliko 26. Na usiku, kila mahali, acha joto lishuke nyuzi tatu hadi sita chini ya mchana.

Maji, na safari ya kutoka dukani

Maji ya bomba siku ya baridi huwa na nyuzi chache sana. Jaza jagi jioni, liache chumbani, mwagilia asubuhi, ili udongo upate siku nzima ya kurudisha joto. Majani ya saintpaulia yakimwagikiwa maji ya baridi hupata pete na mistari ya njano iliyofifia ambayo haifutiki tena. Wengi huidhania ugonjwa. Mwagilia kutoka chini, kwenye sahani, kwa maji yenye joto la chumba.

Baridi ikiendelea, punguza maji kwa kufuata udongo na si kalenda, na acha mbolea kabisa udongo ukiwa chini ya nyuzi 15. Mizizi haiichukui, inabaki kujikusanya kama chumvi.

Ukinunua mmea siku ya baridi, ufungwe karatasi kutoka chini hadi juu ya majani na juu pafungwe pia, na uende nao moja kwa moja nyumbani. Dakika kumi kwenye upepo wa baridi zinatosha kuiharibu difenbachia. Siku ya jua kali, usiuache ndani ya gari lililofungwa hata ukiwa na shughuli fupi.

Ukishapigwa na baridi

Uhamishe polepole. Nyuzi 18 hadi 21 zinatosha. Usiukimbize kwenye hita. Uondoe kwenye jua la moja kwa moja kwa wiki mbili. Usimwagilie hadi sentimita tatu za juu zikauke. Usitie mbolea, usibadilishe chungu, isipokuwa kama udongo unanuka uozo, hapo toa mmea, kata mizizi yote iliyo laini na ya kahawia, upande kwenye udongo mpya mwepesi. Majani yaliyolainika kabisa yaondoe, maana huoza na kuleta ukungu wa kijivu. Yenye baka tu na sehemu nzima ya kijani yaache; bado yanaulisha mmea, hata kama hayapendezi. Bonyeza shina kila wiki. Likiwa gumu, lina uhai.

Shina la aglaonema yangu lilibaki gumu. Ilibaki na majani mawili kati ya kumi na moja, nami niliihifadhi kwenye kigoda karibu na kabati la vitabu kwa siku hamsini na kitu bila kuona badiliko lolote. Kisha siku moja, nikifuta vumbi, niliona kwenye ubavu wa shina, chini kabisa, kitu kama ncha ya penseli, cheupe kinachoelekea waridi. Kilikuwa chipukizi. Niliingiza kidole udongoni kabla ya kufanya lolote. Ulikuwa na joto.

Haijarudi dirishani bado. Itarudi kipimajoto kikikaa pale pale ukingoni, nyuma ya pazia, usiku saba mfululizo bila kusoma chini ya 16. Mpaka jana ni usiku wa nne.